Uchawi Siyo Kiraka

Jumapili moja mwezi uliopita nilikaribia kuvunja urafiki wa miaka sita kwa sababu ya treni ya kwenye hadithi. Naomba nieleze, kisha wewe msomaji utaamua nani kati yetu alikuwa na kosa.

Sisi ni vijana watano wa hapa Morogoro mjini. Mmoja anasoma SUA, mmoja ana bodaboda, mmoja anauza mitumba, mmoja hana kazi, na mimi ni yule aliyemaliza kidato cha nne akaanza kuandika riwaya ambayo haiishi. Jumapili mchana tunakaa chini ya mwembe tunacheza mchezo ambao huyu wa SUA aliutoa kwenye kitabu cha Kimarekani. Hauna ubao wala karata. Mmoja wetu anakuwa msimulizi, wengine kila mtu ana mhusika wake, na hadithi tunaitunga palepale. Mhusika wako akitaka kufanya jambo gumu unarusha dadu. Dadu zenyewe tumezitoa kwenye Ludo. Mji wa hadithi ni Morogoro hiihii yetu, ila usiku ukiingia mizimu ya Uluguru inashuka mjini na kufanya yake.

Siku hiyo mhusika wangu alikuwa mpelelezi. Alikuwa ndani ya treni ya umeme ya SGR kuelekea Dodoma, na mhusika wa rafiki yangu, mganga kutoka Kolero, alikuwa kwenye behewa la mbele na mzigo wa wizi. Nimembana. Hana pa kutokea. Mshikaji akatabasamu, akasema, "Natuma bundi. Treni inasimama."

Nikamuuliza, inasimama kwa nini?

"Uchawi."

Nikamwambia huo siyo uchawi, huo ni uvivu. Akanijibu, "We si Mluguru wewe? Au shule imekuharibu?" Wenzetu wakacheka. Mimi sikucheka, na hasira ile ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, maana tatizo siyo la mchezo wetu peke yake. Ni la hadithi zetu karibu zote, na zangu zimo.

Kwanza nimtendee haki. Bundi hakumtoa hewani. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na Julai hiyohiyo ikaanza kwenda hadi Dodoma. Mwishoni mwa Julai treni ikasimama njiani kwa hitilafu ya umeme, na Shirika la Reli lenyewe likatoa taarifa kwamba chanzo ni wanyama. Wakatajwa ngedere na bundi. Bundi! Katika nchi ambayo bundi akilia juu ya paa watu hawalali! Vijiweni ikawa kicheko cha wiki nzima, ila ukisikiliza vizuri, wengine walikuwa wanacheka huku wanaamini.

Sasa hebu tumwangalie huyo bundi. Waya wa juu wa SGR unabeba umeme wa volti 25,000. Ndege akikaa kwenye waya peke yake, salama. Lakini akigusa waya na kwa wakati uleule akagusa chuma cha nguzo, mwili wake unakuwa daraja: umeme unakimbilia ardhini, swichi za ulinzi zinaona hatari, zinakata, treni inasimama. Huo ndio mwendo wake. Kiumbe mmoja mwenye manyoya anaweza kuisimamisha mashine ya mabilioni. Mimi naona hiyo ni hadithi ya ajabu kuliko ya rafiki yangu, kwa sababu huyu bundi ana mwili, ana mahali alipokaa, na anaweza kufa kwa kazi aliyoifanya. Bundi wa rafiki yangu hana chochote. Ni neno tu lililotupwa pale mtunzi alipobanwa.

Naliita jambo hili kiraka. Suruali ya hadithi imechanika, mtunzi hana uzi wala sindano, anabandika uchawi. Wewe unayeandika unavijua viraka hivi, maana huenda umevitumia wiki hii. Kiraka cha kwanza: gari linazimika lenyewe porini. Halikuishiwa mafuta, betri haikufa, limezimika tu, na dakika mbili baadaye anatokea bibi kizee na kikapu. Kiraka cha pili: simu inakosa mtandao muda uleule shujaa anapotaka kupiga polisi. Kiraka cha tatu: picha zilizopigwa makaburini hazitoki. Filamu zetu za kutisha za miaka ya 2000, kama zile za Mussa Banzi, zilitufundisha kuogopa giza, na ni jambo jema. Lakini wengi tulioiga tulibeba giza tukaacha hadithi.

Chukua hilo la simu. Mimi naishi chini ya Milima ya Uluguru, nikiinua macho naiona Bondwa, na juu ya Bondwa kuna minara ya mawasiliano. Ukipanda, simu inasoma vizuri. Ukivuka mgongo wa mlima na kushuka bondeni upande wa pili, inakufa, kwa sababu mawimbi yale yanapenda njia iliyonyooka na mlima wenyewe umesimama katikati. Mtunzi anayelijua hili ana utajiri mkononi. Anaweza kumfanya shujaa wake achague: abaki mgongoni mwa mlima anapoonekana na maadui lakini simu inasoma, au ajifiche bondeni akiwa bubu. Mlima umeshamfanyia kazi mtunzi. Akitaka kuongeza mzimu, aongeze juu ya hapo. Asiyelijua anaandika "ghafla mtandao ukapotea" na anadhani ametutisha.

Rafiki yangu wa SUA akajitia kutusuluhisha. Akasema wenzetu Wamarekani wameshaliona tatizo hili na wameliwekea kanuni. Kuna riwaya za Jim Butcher, ya kwanza, Storm Front, ilitoka mwaka 2000. Mhusika wake Harry Dresden ni mchawi na mpelelezi katika mji wa Chicago, na mashine haziivi naye. Kompyuta zikimkaribia zinaharibika. Kwa hiyo anaendesha Volkswagen ya kizamani, maana kadiri mashine inavyokuwa ngeni ndivyo uchawi unavyoivuruga kwa urahisi. Mchezo uliotokana na riwaya hizo, uliotoka mwaka 2010, nao unaifuata kanuni hiyo. Jamaa akashauri: tuitumie hiyohiyo, treni ya umeme ianguke, baiskeli iwe salama, ugomvi uishe.

Nakubali nusu yake. Butcher anastahili heshima kwa jambo moja: uchawi wake unamgharimu mwenye nao. Dresden anataabika. Hawezi kukaa na kompyuta kama watu wengine. Kipaji chake ndicho kifungo chake, na msomaji anajua mapema nini kitaharibika na kwa nini. Hiyo ni kanuni, siyo kiraka.

Nusu ya pili naikataa. Kanuni ile inasema uchawi ni wa kale na mashine ni ya kisasa, na viwili hivyo ni maadui. Huko Chicago sawa. Hapa kwetu, tangu lini? Mchawi wetu anasafiri kwa ungo, na kila aliyewahi kusimuliwa habari za ungo alisimuliwa kama ndege: una abiria, una safari za mbali usiku mmoja, na ukianguka alfajiri wanakutwa uchi uwanjani. Mwenye duka leo anaogopa chuma ulete, uchawi unaofyonza fedha kwenye droo yake. Tembea barabara yoyote ya mji huu utaona vibao vya waganga vimepigiliwa kwenye nguzo za umeme, na kila kibao kina namba ya simu. Kwenye nguzo za umeme, ndugu yangu! Mganga wetu hagombani na teknolojia. Anaitumia kutafuta wateja.

Na kuna wakati mashine zenyewe ndizo zilizoonekana uchawi. Wazee wa milimani walisimuliana habari za mumiani, watu wanaozunguka na gari usiku wakinyonya damu ya watu ili itengenezewe dawa. Mtafiti wa Kiholanzi, Peter Pels, aliandika makala mwaka 1992 kuhusu mumiani wa Uluguru. Mtu mweusi wa wakati wa mkoloni anaona gari limekuja na wageni, haambiwi limekuja kufanya nini, kesho kuna kodi mpya au amri mpya. Akisema lile gari linanyonya damu, amekosea sana? Mashine haikuvurugwa na uchawi hapo. Mashine iliingia ndani ya uchawi ikakaa kwenye kiti.

Kwa hiyo kanuni yetu haiwezi kuwa "cha kale dhidi ya cha kisasa." Nimeitafuta kanuni yetu ni ipi, na nadhani nimeipata. Kwetu mashine haisimami kwa sababu ni mashine. Inasimama kwa sababu ina mwenyewe, na mwenyewe ana jirani. Gari la nani? Alilipataje? Alimpita nani barabarani bila kumpa lifti? Uchawi wetu ni habari ya wivu, deni, njaa na undugu. Watunzi waliotutangulia walilijua hilo. Katika Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o, ya mwaka 1977, uchawi ni urithi: kijana Gusto anaupokea kutoka kwa baba yake kama mtu anavyopokea shamba lenye kesi. Muhammed Said Abdulla alikwenda njia nyingine. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapwa mwaka 1960, inaanzia mzimuni, lakini Bwana Msa anatumia akili na kiko chake mpaka mkosaji anaonekana ni binadamu. Mmoja anauamini uchawi ndani ya hadithi yake, mwingine anaupekua. Wote wawili hawabandiki viraka.

Sasa niseme kwa nini jambo hili si mchezo.

Kisa kikubwa kuliko vyote cha uchawi kuizuia mashine hakikuandikwa na mtunzi. Kilitokea, na sehemu yake kilitokea katika mkoa huu wa Morogoro. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji ya dawa, na watu wakaamini kuwa risasi za Wajerumani zitageuka maji. Dawa ilikuwa na miiko yake. Tarehe 30 Agosti 1905 watu waliivamia boma ya Mahenge. Ndani kulikuwa na bombomu. Risasi hazikugeuka maji. Na aliyekufa, ilisemwa, alivunja mwiko.

Msomaji, liangalie hilo kwa jicho la mtunzi. Hiyo ni kanuni isiyoweza kushindwa. Dawa ikifanya kazi, ni dawa. Isipofanya kazi, kosa ni la maiti. Vita vile viliendelea mpaka 1907, na makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa iliyofuata mashamba na maghala kuchomwa. Ebrahim Hussein alipoiandika tamthilia yake Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, hakuwacheka wale watu, na wala hakutudanganya kwamba maji yalikuwa na nguvu. Aliuliza swali gumu: imani inafanya nini ndani ya watu, wakiwa nayo, na ikivunjika? Iliunganisha makabila ambayo hayakuwahi kusimama pamoja. Ikawaua pia. Yote mawili kwa mpigo. Ukisoma ile halafu ukarudi kwenye "ghafla gari likazimika," unaona aibu.

Nami nina aibu yangu mwenyewe. Nitaisema, maana haifai kuwasema wenzangu nikajificha.

Nilipomaliza shule nilikwenda kukaa kwa baba mdogo, kijiji kimoja upande wa Mgeta. Alikuwa na mashine ya kusaga, injini ya dizeli, nami nikawa namsaidia kupima na kupokea fedha. Kulikuwa na bibi mmoja wa makamo ya kuinama, anajifunga kilemba cha kijani. Siku moja alikuja na debe la mahindi akaomba asagiwe kwa mkopo. Baba mdogo akakataa. Watu wapo foleni. Bibi akajitwika debe lake, akasema, "Haya. Tutaona." Basi, neno hilo tu.

Kesho yake asubuhi injini iligonga mara mbili tatu, ikatoa moshi, ikafa. Siku nne kijiji hakisagi. Siku ya pili habari ilishafika mpaka ng'ambo ya mto. Siku ya tatu akina mama walikuwa wanaondoka kisimani akifika. Siku ya tano fundi alipanda kutoka mjini, akafungua chujio, akamwaga dizeli kwenye bakuli, na chini ya bakuli tukaona maji. Dizeli ilikuwa na maji, basi. Pipa lilikaa nje kwenye mvua za masika na kifuniko hakikuwa kimekazwa. Aliyepaswa kukikaza ni mimi.

Sikumwambia mtu. Baba mdogo naye hakutangaza, mashine ikawaka, watu wakasaga, na katika vichwa vyao bibi alikuwa "ameifungua."

Halafu nikafanya baya zaidi. Nikaandika hadithi. Katika daftari la kurasa 80 nikaandika habari ya mashine ya kusaga iliyosimamishwa na mchawi. Bibi nikampa jina jingine lakini kilemba nikakiacha cha kijani, kwa sababu kilipendeza katika sentensi. Ilikuwa hadithi yangu ya kwanza watu kuipenda. Daftari lilizunguka kijijini, likasomwa kwa sauti dukani na nyumba kwa nyumba. Nilijiona Shaaban Robert. Kabla ya mavuno bibi alihamishwa na binti yake akaletwa huku mjini, mbaazi zake akaziacha shambani.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, sokoni, ameketi na mafungu ya nyanya chungu. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," akanitazama kwa muda. Akasema, "Ile hadithi yako nilisomewa. Umeandika vizuri. Ila hukuandika kwamba nilikuwa na njaa."

Sijui ningejibu nini. Nilinunua fungu moja, nikaondoka. Amekwishafariki.

Ndiyo maana rafiki yangu aliposema "uchawi" kama mtu anayezima taa, nilipandwa na hasira. Nchini kwetu neno hilo halibaki kwenye karatasi. Serikali ya mkoloni ilitunga sheria ya uchawi mwaka 1928, na mpaka leo kumtuhumu mtu uchawi ovyo ni kosa. Lakini sheria haizuii hadithi. Wazee wenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wameuawa katika nchi hii kwa sababu ya hadithi. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa sababu ya hadithi: mtu mmoja alimsimulia mwingine kwamba kiungo cha binadamu kinaleta utajiri. Kila mashine inaposimama kiraka katika kitabu chako, msomaji wako anamtafuta bibi yake.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi tusiandike uchawi. Nani ataandika Uluguru bila Kolelo na pango lake? Nani ataandika kijiwe chetu bila majini? Mtunzi aliyefukuza mizimu yote amebaki na mji ambao haupo Tanzania. Ninachosema ni hiki: kabla hujaisimamisha mashine, jua inavyokwenda. Kaa na fundi siku moja, uliza chujio ni nini, uliza waya unapita wapi. Ukishajua, sema nani kaisimamisha, ana kisa gani na mwenye mashine, na yeye mwenyewe amelipa nini. Na huyo unayempa lawama mpe pia tumbo, mpe njaa, mpe debe lake kichwani. Ukishindwa kumpa hivyo, basi acha gari lizimike kwa kuishiwa mafuta. Hakuna aibu.

Treni yetu? Jumapili iliyofuata nilikuwa msimulizi mimi. Nikamwambia mshikaji: sawa, tuma bundi wako, lakini niambie bundi huyo ni nani kwa mganga, kwa sababu akigusa waya na nguzo anakufa. Akanyamaza muda mrefu, yule wa bodaboda mpaka akaanza kulalamika tunapoteza muda. Mwishoni akasema kwa sauti ndogo, "Ni roho ya mama yake. Ndiyo iliyobaki."

Akashika dadu. Hakuzirusha. Akasema, "Ngoja kwanza. Ngoja nifikirie kama kweli nataka isimame."